Siku Ufunguo Uliponikana Nikiwa na Nyuki Garini

Kwa kuwa kila mmoja wenu amenipigia simu kuuliza kama ni kweli nilivua suruali kando ya barabara karibu na Gilgil, mama mkwe wangu akiwa hatua kumi tu kutoka hapo, nimeona heri niandike habari yote mara moja, msome wote, tuyamalize. Ni kweli nilivua. Lakini suruali ni kipande kidogo sana cha siku ile, na mkishikilia hapo mtakosa utamu wote.

Bahati: kupakia

Kwa wasiomjua, mama mkwe wangu ni mjane mwenye shamba dogo juu ya Naivasha, kwenye njia ya kupanda Kinangop. Lina miti arubaini ya avokado, yote imepandwa na marehemu mumewe kwa mikono yake. Kila msimu inachanua, inapendeza, kisha maua yanaanguka chini kama takataka na matunda hayaji. Majirani wamepiga dawa miaka mingi hadi nyuki wakahama. Mama alikuwa amechoka. Alipokuja kwetu Bahati, nje kidogo ya Nakuru, kumwona mjukuu wake, tayari alikuwa amepatana na mtu wa msumeno wa mashine aje Jumatatu aikate yote, apande vitunguu.

Jioni moja akasimama nyuma ya nyumba, mbali kidogo, akiitazama mizinga yangu ya nyuki.

"Baba Njoki," akaniita, "hao wadudu wako wanaweza kupanda gari?"

Tangu nimwoe Wambui, miaka sita sasa, mama yule hakuwa ameniomba hata maji ya kunywa. Si kwa ubaya. Kwetu mkwe na mama mkwe wanaheshimiana kwa kupeana nafasi: yeye haketi karibu nami, mimi siongei sana mbele yake. Kwa hiyo aliponiomba nyuki, nilikubali kabla hata sijafikiri nitawabebaje.

Jumamosi, jua likiwa bado halijachomoza, nililaza viti vya nyuma vya wagon yangu nikapakia mizinga miwili ya masanduku, nimeziba milango yake kwa wavu wa waya ili nyuki wapumue bila kutoka. Juu yake nikatandika chandarua. Nyuma kukajaa. Maana yake Mama alilazimika kuketi mbele, ubavuni mwangu, na hapo sote wawili tukaanza kutazama mbele kama watu wanaopigwa picha ya kitambulisho.

Ishara ya kwanza ilikuwa hapo hapo uani. Nilikuwa nimefunga milango nikarudi kuchukua chupa ya maji. Nikabonyeza rimoti, kimya. Nikabonyeza tena. Mara ya tano ndipo milango ikafunguka.

"Ni kawaida yake," nikamwambia Mama.

Ilikuwa kawaida yake kwa mwezi mzima, na mwezi mzima Wambui alikuwa akiniambia nitengeneze.

Nakuru: betri mpya

Tulifika mjini maduka yakifunguliwa. Mama alitaka kununua mbegu za sukuma wiki, nami nikaenda naye kumbebea mfuko. Tuliporudi, rimoti ilikuwa imekufa kabisa. Nikaingiza ufunguo mlangoni, nikauzungusha kwa mkono kama zamani, na gari likapiga ukelele ambao nina hakika ulisikika hadi mtaa wa Kiamunyi. Gari lilidhani mimi ni mwizi! Na ndani, chini ya chandarua, nyuki wangu wakaitikia. Mnajua ile sauti ya nyuki wakikasirika, si mlio tena, ni mngurumo, unausikia kwenye meno.

Nilipowasha injini kelele ikakatika. Nikajiambia, basi, injini inawaka, shida ni betri ya rimoti peke yake. Kando ya barabara palikuwa na kibanda cha fundi wa simu. Akachukua ufunguo, akafungua kasha la rimoti kwa kibisibisi kidogo, akatoa betri ya zamani, akaweka mpya.

"Hii kasha imechoka, boss," akasema. "Meno yake yamevunjika. Usiiangushe."

Akaifunga kwa mpira wa kufungia noti. Nikabonyeza: milango ikaruka mara moja. Nilifurahi kama mtoto. Nikabonyeza tena na tena, wazi, funga, wazi, funga, hadi Mama akakohoa.

"Baba Njoki, jua linapanda."

Nakuru hadi karibu na Gilgil

Sehemu hii ya njia ningeirudia kesho. Upande wa kulia Ziwa Elementaita lilikuwa linang'aa, madirisha wazi, upepo baridi ukipita juu ya mizinga, na nyuki wametulia. Na Mama, ambaye kwa miaka sita nimemsikia akisema "muwe na amani" na "chai iko wapi," akaanza kuongea! Alinieleza jinsi mumewe alivyoleta miche ile kwa mkokoteni wa punda, akiifunika kwa koti lake mwenyewe isichomwe na jua. Alinieleza kwamba mzee alipougua alikuwa akiomba kiti kitolewe nje aone kama kuna tunda hata moja.

"Hakuwahi kula moja," akasema. "Sasa mimi ndio naikata. Unafikiri atanisamehe?"

Nikasema tu kwamba nyuki wangu ni wachapakazi.

Kabla ya kufika Gilgil tulisimama kwa Mama Shiru kunywa chai. Ni banda la mabati lenye sakafu ya simenti, chapati nene, ndengu tamu, na chai yenye tangawizi mpaka inakwaruza koo. Niliegesha chini ya mti wa mgunga, nikafungua mlango wa nyuma hewa ipite.

Mama Shiru, mwanamke mnene mcheshi, alituona tukiingia pamoja akadhani mimi ni mwanawe wa kuzaa. Akatuletea sahani moja kubwa ya chapati na ndengu, vijiko viwili.

"Kuleni, mama na kijana yake. Mkila pamoja mnashiba haraka."

Tukaiangalia ile sahani. Hakuna aliyenyoosha mkono.

"Huyu," Mama akasema polepole, "ni bwana ya msichana yangu."

"Wuui!" Mama Shiru aliinyakua sahani kama iliyoshika moto. "Mniwie radhi! Ngojeni, ngojeni!" Akaanza kututenganisha, mimi meza ya dirishani, Mama meza ya ukutani, tumepeana mgongo. Nilipoinuka kwa haraka kuhama, ufunguo ukateleza kutoka mapajani mwangu ukapiga simenti. Ule mpira ukakatika na rimoti ikapasuka vipande.

Nikainama nikaokota: nusu mbili za kasha, kibao chenye waya, betri. Nikapanga, nikafunga kwa mpira mwingine, nikabonyeza kuelekea garini. Milango ikalia klak. Safi! Nikaketi nikala chapati tatu.

Chini ya mti wa mgunga

Gari lilikataa kuwaka.

Injini ilikuwa inazunguka vizuri, nguvu za kutosha, lakini haishiki. Kwenye dashibodi taa ndogo nyekundu yenye umbo la ufunguo ilikuwa inawaka na kuzima. Sikuwa nimewahi kuiona ikifanya hivyo. Nilijaribu mara kumi. Jua lilikuwa limepanda, kivuli cha mti kimeanza kutuhama, na bati la gari lilikuwa moto ukiligusa. Nikaweka sikio karibu na mizinga. Walikuwa wanapepea mbawa kupoza nyumba yao, wote kwa pamoja. Nyuki wakizibwa kwenye joto, masega huyeyuka na wanazama katika asali yao wenyewe. Nilikuwa na saa chache, labda hata hizo hazikuwepo.

Nikamwambia Mama ukweli. Hakulalamika. Alivua leso yake ya kichwani, akailowesha kwa maji ya chupa, akaitandaza juu ya mzinga mmoja bila kuogopa. Nikavua shati nikafanya vivyo hivyo kwa wa pili.

Mama Shiru alituitia makanika wa jirani, Kiprop, jamaa mrefu mwenye ovaroli la samawati.

"Rimoti inafungua milango?" akauliza.

"Inafungua."

"Basi ufunguo ni mzima. Hii ni pampu ya mafuta."

Akachomoa waya huu, akachomeka ule. Watu wakaanza kukusanyika, kila mmoja na ushauri wake. Mzee mmoja akataka kujua kwa nini mtu ashindwe kuwasha gari lake mwenyewe, kama kweli ni lake. Mama akamgeukia.

"Ni lake. Ni vile tu leo limemkataa."

Kisha Kiprop akatoa waya wa betri kubwa ya gari na kuurudisha. King'ora kikalipuka! Sijui kama ni mtikisiko au ni hasira tu, lakini wavu wa mzinga mmoja ukaachia kona moja, na nyuki wakaanza kutoka, kumi, hamsini, halafu nikaacha kuhesabu. Umati ulipotea. Kiprop alivuka barabara bila kutazama kulia wala kushoto, spana zake zikabaki juu ya injini. Mimi nilikimbilia ule wavu na kuukandamiza kwa kiganja hadi nikaufunga, na nilipokuwa nafanya hivyo nikahisi miguu midogo ikipanda ndani ya mguu wa suruali, ikapita goti, ikaendelea kupanda.

Ndugu zangu, kuna heshima na kuna dharura. Niliruka nyuma ya mti nikaivua. Nilipochungulia, Mama alikuwa ameshanipa mgongo, amesimama wima, kanga yake ameitandaza kwa mikono miwili kama pazia kati yangu na ulimwengu mzima.

"Maliza pole pole, Baba Njoki," akasema, bila kugeuka. "Sioni kitu."

Simu kwa Achieng

King'ora kilipochoka na kunyamaza, Kiprop alipaza sauti kutoka ng'ambo ya barabara. Hakutaka kurudi, lakini alikuwa amekumbuka kuna mama wa Nakuru anayetengeneza funguo za magari. Akanisomea namba yake kwa kupiga kelele, tarakimu moja moja, malori yakipita katikati yetu, nami nikaiandika kwenye kiganja. Mara mbili nikapata mtu wa duka la unga. Mara ya tatu nikampata.

Jina lake Achieng. Sauti tulivu, ya mtu aliyezoea kuongea na watu waliopaniki.

"Starter inapiga?"

"Inapiga."

"Kuna taa ya ufunguo inablink?"

"Ndiyo!"

"Rimoti ilifunguliwa leo?"

Nikamwambia yote, betri mpya, kuanguka, vipande.

"Sasa sikiliza, boss. Rimoti ni ya milango tu. Ndani ya kasha kuna kitu kingine, chip. Haina waya, haihitaji betri. Gari ikikosa kuisoma haiwaki, hata ukisukuma mpaka Mombasa. Yako imetoka ikaanguka. Kutengeneza nyingine lazima nije na mashine, na niko na kazi hadi jioni. Tafuta hiyo chip."

Nikakimbia bandani nikipiga kelele, "Mama Shiru! Nimepoteza chip!"

"Chipsi?" Akashangaa. "Sisi hatupiki chipsi hapa. Kuna chapo."

"Si ya kula! Chip ya gari!"

"Gari inakula chipsi?"

Nikamweka Achieng kwenye spika. Akasema, "Mathe, ni kitu keusi, kadogo kama mbegu ya tikiti maji lakini kana kona. Ukikaona utasema ni kipande ya makaa."

Mama Shiru akashika kinywa. Akaketi.

"Nilifagia," akasema. "Nikaona makaa kidogo kwa sakafu. Sikutaka iende bure." Akanyoosha kidole kwenye debe kando ya jiko. "Nilirudisha huko."

Debe lilikuwa limejaa makaa.

Nilipiga magoti nikalimimina juu ya gunia. Vipande vikubwa nilivitenga haraka. Chini kukabaki vumbi na vibonge vidogo, mamia kwa mamia, vyeusi, vyenye kona, kila kimoja kikiwa saizi ya mbegu ya tikiti. Nikaokota kimoja, si chenyewe. Kingine, si chenyewe. Kutoka nje nikasikia mlio wa mzinga mmoja ukibadilika, ukawa mwembamba, halafu ukaanza kufifia.

Mama aliingia akaniangalia nikichambua. Akaiuliza simu, si mimi, "Mama wa ufunguo, hiyo kitu ikiingia maji inakufa?"

"Maji haina shida," Achieng akajibu. "Imefungwa yote. Moto ndio inaua."

"Mama Shiru, nipe karai na maji."

"Makaa yangu!"

"Ni hii unga ya chini tu. Makaa kubwa yako iko kavu. Nipe karai."

Akapewa. Akakusanya lile vumbi lote kwa viganja, akalitumbukiza majini, akakoroga kwa mwiko. Maji yakawa meusi kama wino, na makaa yote yakapanda juu, yakaelea. Mama akayasomba kwa kisahani, akayatupa, akakoroga tena, akayasomba tena. Kisha akamwaga maji taratibu, kama mtu anayeosha mchele. Chini ya karai kulibaki kokoto kadhaa, kipande cha msumari, na kitu kimoja cheusi chenye kona nne zilizonyooka.

Akakiokota kwa vidole viwili, akakipangusa kwa upindo wa rinda, akaninyooshea. Hakikuacha weusi hata kidogo kiganjani mwangu.

Nilikifunga kwenye ufunguo kwa selotepu ya Mama Shiru, mizunguko mingi hadi ufunguo ukavimba. Nikauingiza. Taa nyekundu ikawaka, ikafikiri, ikazima. Injini ikaunguruma! Mama Shiru akapiga vigelegele, Achieng akacheka kwenye simu, Kiprop akashangilia kutoka ng'ambo ya barabara, na mimi, nisiyethubutu kumshika mama mkwe wangu hata mkono, nilijikuta nimemkumbatia. Akavumilia kidogo. Kisha akanipiga begani.

"Endesha gari, wewe."

Gilgil hadi Naivasha

Sikusimama popote. Gilgil tuliipita madirisha yote yakiwa wazi, mfuko wa mbegu za sukuma ukirukaruka miguuni mwa Mama. Yeye alikuwa amegeuka nyuma, ananyunyizia mizinga maji kwa kutumbukiza vidole kwenye chupa, kama kasisi anavyobariki. Kila baada ya muda nilimuuliza, "Wanasikika?"

"Huyu wa kushoto anasikika."

"Wa kulia?"

Mara ya mwisho akazidi tu kunyunyizia maji upande ule, nami nikakanyaga mafuta.

Shambani

Tulifika saa kumi kasorobo. Miti ilikuwa imechanua kote, na chini yake ardhi ilikuwa ya manjano kwa maua yaliyokwisha kuanguka. Tulibeba mizinga pamoja, Mama upande mmoja, mimi upande mwingine, tukaiweka juu ya mawe aliyokuwa amepangiwa na jirani. Nikamwomba arudi nyuma. Hakurudi.

Nilifungua wa kushoto kwanza. Walitoka kama moshi, wakazunguka, wakapanda juu ya miti, mwanga wa jioni ukipita kwenye mbawa zao. Sijawahi kuona kitu kizuri hivyo nikiwa nimevimba jicho moja.

Wa kulia nilipoufungua hakuna aliyetoka. Nikainua kifuniko. Masega mawili yalikuwa yameanguka, na chini palikuwa na rundo la nyuki waliokufa, wamelowa asali. Nilihisi machozi. Wale nilikuwa nimewatunza tangu wakiwa kundi dogo lililotua kwenye ukuta wa kanisa. Mama akachungulia juu ya bega langu.

"Na hawa?" akauliza.

Kwenye kona ya ndani, juu kabisa, kundi lilikuwa limening'inia pamoja, si kubwa, kama embe. Walikuwa wanatikisika. Nikatoa masega yaliyoanguka, nikawasafishia, nikawaachia masega mazima yenye asali, na nikamwambia Mama ukweli: huenda wakapona, huenda wasipone, itategemea kama malkia yumo.

Mama akatoa simu akampigia yule mtu wa msumeno.

"Jumatatu usikuje," akamwambia. Mtu yule nadhani alikuwa anabishana, kwa sababu Mama aliinua sauti. "Nimesema usikuje! Niko na wageni."

Nililala huko, chumba cha wageni, na asubuhi nikarudi peke yangu. Jumatatu nilipita kwa Achieng anitengenezee funguo mbili mpya; Wambui anakaa na mmoja.

Jana asubuhi nilikuwa darasani nikifundisha, simu ikaita. Kwa kawaida Mama humpigia Wambui, si mimi. Nikatoka nje haraka nikidhani kuna msiba.

"Baba Njoki, umeshiba?"

"Nimeshiba, Mama. Kuna nini?"

"Hao wa kulia wameanza kutoka. Wanabeba kitu ya manjano kwa miguu."

Chavua! Ukiona nyuki wanaingiza chavua, malkia yuko hai na anataga. Nilianza kumweleza hivyo, nikipiga kelele hadi watoto wakachungulia dirishani, lakini alinikatiza.

"Nyamaza kidogo. Naweka simu kwa tawi."

Nikasikia majani yakigusana, na pumzi yake, na halafu, karibu kabisa na sikio langu, nyuki.